Ukipiga Benchi Ushike Chuma kwa Upana Gani? Jinsi ya Kuupata Mshiko Wako

Watu wengi wanaopiga benchi hawajawahi kujiuliza mikono yao inakaa wapi kwenye chuma. Mtu analala, anashika pale mkono ulipofikia au pale alipomuona jamaa mwenye kifua kikubwa ameshika, anaanza kusukuma, na mwaka ukiisha anakuja analalamika bega la kulia linauma akivaa shati. Huyo jamaa aliyemuiga pengine ana mabega mapana kuliko yake, pengine mikono yake ni mirefu, pengine anajiandaa na mashindano, hujui. Upana wa mshiko ni wa mwili wako na unapimika, tena kwa futi kamba ya fundi cherehani na simu yako tu, nusu saa inatosha, halafu unaweka alama unaendelea na tizi lako.

Kwanza ujue upana unabadilisha nini

Ukishika mbali, chuma kinasafiri njia fupi kutoka juu mpaka kifuani, ndio maana wanaoshindana wengi wanashika mbali, kilo zinaongezeka. Ila viwiko vinafunguka kwenda nje, kifua kinavutika sana ukiwa chini, na bega linabeba mzigo likiwa kwenye pozi ambalo halilipendi. Ukishika karibu njia inakuwa ndefu, viwiko vinarudi upande wa mbavu, msuli wa nyuma ya mkono (traisepsi) unafanya kazi kubwa zaidi, bega linapata nafuu, lakini kilo zinapungua kidogo. Kifua chenyewe kinafanya kazi kwenye mishiko yote, tofauti sio kubwa kama watu wanavyosimuliana gym, kwa hiyo usiue bega lako kwa kuamini kwamba bila kushika mwisho wa chuma kifua hakitajaa. Kitajaa tu ukila na ukiongeza uzito taratibu.

Watafiti wa mambo haya wanapima mshiko kwa kuulinganisha na upana wa mabega, na ushauri uliozoeleka ni usizidi mara 1.5 ya mabega yako kama hushindani, maana kuzidi hapo hatari ya kuumia bega inapanda na faida unayopata ni ndogo. Hiyo ndio namba tunayoanzia.

Hatua ya 1: pima mabega

Tafuta mtu akusaidie, peke yako utakosea. Simama wima, mikono ining'inie, legeza mabega usiyapandishe. Mwambie apapase juu ya bega kuelekea nje mpaka afikie pale mfupa unapoishia, kuna kona ngumu hapo kabla msuli wa bega haujaanza kushuka, hiyo kona ndio tunayoitaka, sio nyama ya pembeni. Apime kwa mgongoni kutoka kona mpaka kona, futi iwe imenyooka isifuate mviringo wa mgongo. Kama una msuli mkubwa wa bega ukipima nje kabisa utapata namba kubwa ya uongo na mshiko wote utatoka mpana.

Wanaume wengi wanaangukia kama sentimita 38 mpaka 42, wanawake wengi ni chini ya hapo kidogo. Tuchukue mtu wa sentimita 40 kama mfano. Zidisha kwa 1.5, unapata 60. Hiyo ni nafasi kati ya kidole cha shahada cha kushoto na cha kulia kikiwa kwenye chuma. Halafu chukua 40 zidisha kwa 1.25 unapata 50. Kwa hiyo mshiko wa huyu mtu uko mahali fulani kati ya sentimita 50 na 60, na kazi iliyobaki ni kutafuta ni wapi hasa hapo katikati.

Hatua ya 2: kijue chuma unachoshika

Kama gym yenu ina chuma cha kununua, kile cha kilo 20 chenye urefu wa mita 2.2, angalia sehemu iliyochorwa mikwaruzo, utaona kila upande kuna pete, yaani kamstari laini kanakozunguka chuma. Kwenye vyuma vya mashindano ya kunyanyua uzito wa benchi, skwati (kuchuchumaa na chuma mgongoni) na dedi (kuinua chuma kutoka chini), pete hizo ziko sentimita 81 moja kutoka nyingine. Lakini vyuma vya michezo ya Olimpiki, vile vya kurusha juu ya kichwa, pete zake ziko sentimita 91, na gym nyingi zina vyuma hivyo bila mtu kujua. Kwa hiyo usiseme "mimi nashika kidole kidogo kwenye pete" ukahamia gym nyingine ukashika hivyohivyo, umeshajiongezea sentimita 10 bila kujua. Pima kwanza. Yule mtu wetu wa sentimita 60, kwenye pete za 81, kidole chake cha shahada kitakaa kama sentimita 10 na nusu ndani ya pete na kidole cha mwisho kitakuwa karibu na pete bila kuigusa.

Sasa kwa sisi wa gym za mtaani, ambao chuma chetu ni bomba na uzito ni zege lililomiminwa kwenye kopo la rangi au gia za magari, hapa inabidi tukae vizuri maana ndipo watu wanapoumia zaidi. Bomba halina pete wala mikwaruzo, kwa hiyo kila siku unashika sehemu tofauti, na kibaya zaidi mkono mmoja unakuwa mbali na mwingine. Ukishika hivyo chuma kinalalia upande mmoja, bega moja linafanya kazi kuliko jingine, na kama uzito umemiminwa na zege kopo moja linaweza kuwa zito kuliko lenzake, basi mambo mawili yanajumlishana.

Fanya hivi. Kwanza yapime yale makopo kwenye mzani, hata wa muuza nafaka, kama yanatofautiana ongezea kwenye jepesi. Pili, pima bomba kutoka pale uzito wa kushoto unapoanzia mpaka uzito wa kulia unapoanzia, gawanya kwa mbili, weka alama ya katikati. Kutoka katikati pima sentimita 30 kulia na 30 kushoto (kama namba yako ni 60), zungusha tepu ya umeme hapo, ile nyeusi ya mafundi, mzunguko mmoja mwembamba tu ili mkono usiteleze juu yake. Kama mnatumia watu wengi bomba moja kila mtu awe na rangi yake, tepu zinauzwa nyekundu, kijani, njano, hazina gharama. Mkifanya hivyo hakuna atakayekisia tena.

Angalia pia unene. Chuma cha kununua kina milimita 28 au 29, cha wanawake kina 25, lakini bomba la maji la inchi moja ukilipima kwa nje linafika kama milimita 33. Unene wenyewe sio mbaya, kiganja kinapata sehemu pana ya kukaa, ila kwa mwenye mkono mdogo dole gumba halifungi vizuri, na bomba laini likishika jasho linateleza. Ukishika mbali ndio linateleza zaidi maana mikono inasukuma kwenda nje. Kwa hiyo kwenye bomba laini mimi nakushauri usiende mwisho wa namba yako ya juu, baki katikati, na uwe na kitambaa kikavu cha kufutia bomba na mikono kila seti.

Halafu kuna nguzo za benchi. Benchi nyingi za kuchomelea mtaani nguzo zake za kupumzishia chuma ziko karibukaribu, zinaangukia palepale mkono wako unapotakiwa ushike. Kwenye benchi za mashindano nafasi kati ya nguzo ni zaidi ya mita 1 kwa hiyo mikono inakaa ndani bila shida. Kama zako zinakubana una njia mbili, ama mwambie fundi azitenganishe, ama awepo mtu wa kukutolea chuma na kukupokea ili vidole visikutane na nguzo. Usikubali kupanua mshiko ukapita nje ya nguzo kwa sababu tu ndani hapatoshi, benchi ndio inatakiwa ikufuate wewe. Na kama nguzo ziko karibukaribu, kila ukitoa uzito toa kidogo upande huu kisha upande ule, ukimaliza upande mmoja wote chuma kinapinduka na kinaweza kumuangukia mtu.

Hatua ya 3: lala vizuri kabla ya kujaribu

Hii watu wanairuka halafu vipimo vyote vinakuja vibaya. Lala, miguu yote chini, macho yawe chini ya chuma. Vuta mabega nyuma na uyashushe kuelekea kiunoni, bawa za mgongo (ile mifupa bapa ya nyuma ya mabega) zikutane na zibane benchi, kifua kipande juu. Zibaki hivyo muda wote, ukisukuma zisiachie. Mabega yakiwa yamelegea utaona mshiko wowote ni mbaya, karibu unauma, mbali unauma.

Shika kwenye alama zako. Chuma kikae chini kabisa ya kiganja, upande wa kifundo cha mkono, juu ya mfupa wa mkono moja kwa moja, kisikae kwenye vidole. Kikikaa kwenye vidole kifundo kinapinda kurudi nyuma na hapo utasingizia upana wakati kosa ni mkao wa kiganja. Dole gumba lifunge chuma, naomba tuelewane hapa, kuna watu wanaacha dole gumba upande mmoja na vidole vingine kwa sababu wameona mtu fulani mkubwa anafanya hivyo. Chuma kikiteleza hapo kinaangukia kifuani au shingoni na watu wamekufa kwa namna hiyo. Funga.

Hatua ya 4: jaribio lenyewe

Chuma kitupu, au kiwe na uzito mwepesi sana. Weka simu upande wa miguuni, kimo sawa na benchi, iwe katikati ikuone kutoka mbele. Kama hamna stendi iegemeze kwenye ndoo. Rekodi. Shusha chuma taratibu mpaka kiguse kifua, simama hapo hesabu mbili, sukuma. Rudia mara tano.

Sasa angalia video uisimamishe pale chuma kilipogusa kifua. Unaangalia kitu kimoja tu, mkono kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kifundo. Uwe umesimama wima. Kiwiko kiwe chini ya kifundo moja kwa moja.

Ukiona kiganja kiko nje kuliko kiwiko, mikono imefunguka kwenda pembeni, umeshika mbali mno. Ingia ndani. Ukiona kiganja kiko ndani kuliko kiwiko, mikono inalalia kifuani, umeshika karibu mno kwa benchi ya kawaida. Toka nje kidogo. Kila ukirekebisha sogeza upana wa kidole kimoja tu kila upande, ni kama sentimita 2, rekodi tena, angalia tena. Usisogeze mkono mmoja ukauacha mwingine. Wengi wanapata baada ya kusogeza mara mbili tatu.

Kosa kubwa ni kupima ukiwa juu mikono imenyooka. Juu kila mshiko unajisikia vizuri, hata wa ajabu, kwa sababu mifupa ndio imebeba. Ni chini, chuma kikiwa kifuani, ndipo bega na kiwiko vinasema ukweli, kwa hiyo amua kwa picha ya chini.

Ukishaipata hiyo, sogeza simu pembeni yako urekodi tena. Kiwiko kiwe chini ya chuma hapa pia, kisitangulie mbele kuelekea kiunoni wala kisibaki nyuma kuelekea kichwani. Na viwiko visiwe vimefunguka sawasawa na mabega mpaka unafanana na msalaba, wala visibane mbavu kabisa. Kati ya nyuzi 45 na 70 kutoka mbavuni wengi wako salama hapo. Na sehemu chuma kinapogusa inafuata mshiko: ukishika karibu kitagusa chini zaidi, karibu na mwisho wa mfupa wa kifua, ukishika mbali kinagusa juu kidogo usawa wa chuchu. Ukishika karibu halafu ukalazimisha kigusie juu, viwiko vitafunguka tu hata kama hutaki.

Hatua ya 5: ipe muda, na uzito upungue

Kama mshiko mpya umetofautiana na wa zamani, usipakie kilo zako za kawaida siku hiyohiyo. Toa kama asilimia 10 au zaidi, fanya seti 3 za mara 8, kaa nao wiki tatu nne ndio uhukumu. Wiki ya kwanza utajiona dhaifu, hasa ukiwa umeingia ndani, maana njia imeongezeka na traisepsi haijazoea, hiyo ni kawaida na itapita. Usijaribu kilo zako za mwisho kwa mshiko ambao hujauzoea. Andika kwenye daftari au simu: sentimita ngapi, kilo ngapi, mara ngapi, bega likoje kesho yake asubuhi. Hiyo ya kesho yake asubuhi ndio muhimu kuliko zote.

Mikono ikiwa mirefu sana kuliko mabega, utajikuta unahitaji kukaribia ile 1.5 ili mkono usimame wima chini. Mwenye mikono mifupi na kifua kipana mara nyingi anatulia ndani zaidi. Dada zangu wanaoanza, msikubali kupewa mshiko wa mwanaume wa gym, mabega ni madogo na sentimita zinapungua, mwenye mabega ya 35 namba yake ya juu ni 52 na nusu tu, na kwenye chuma chenye pete za 81 mikono yake itakuwa ndani sana ya pete, ni sawa kabisa.

Kama lengo lako ni traisepsi

Shika upana wa mabega yenyewe, kwa mtu wetu ni sentimita 40, basi. Zile za kushika katikati mikono ikigusana hazikuongezei kitu, zinapinda vifundo tu na chuma kinayumba. Hapa viwiko vitakaa karibu na mbavu na chuma kitagusa chini, ni sawa.

Kama unataka kushindana

Sheria za IPF, shirikisho la kimataifa la mashindano ya skwati, benchi na dedi, zinasema vidole vya shahada visitoke nje ya alama za sentimita 81. Kwa mtu wa mabega ya 40 hiyo ni mara mbili ya mabega yake. Wapo wanaofika huko na wakainua kifua sana, chuma kikawa kinasafiri sentimita chache tu, mpaka mwaka 2023 IPF wakaleta sheria kwamba chuma kikiwa kifuani kiwiko kishuke mpaka usawa wa juu ya bega au chini yake, la sivyo unanyimwa. Kwa hiyo mshiko mpana mno siku hizi unaweza kukunyima hata kama umesukuma. Kama unaenda huko panua kidole kimoja kila baada ya wiki kadhaa, rekodi kutoka pembeni uone kiwiko kinafika, na uzoee kusimamisha chuma kifuani kabisa kabla ya kusukuma.

Kwa wanyanyuaji wa Paralimpiki benchi ndio mchezo wenyewe, na mpaka wao pia ni 81. Kina Hellen Wawira wa Kenya wanasukuma miguu ikiwa juu ya benchi, haisaidii kusukuma chini, kwa hiyo mshiko usio sawa kushoto na kulia unaonekana haraka zaidi. Ukitaka kujifunza utulivu wa mikono tazama video zao.

Maumivu yanakuambia nini

Maumivu ya mbele ya bega ukiwa chini, jambo la kwanza ingia ndani kidole kimoja au viwili na ubane bawa za mgongo. Maumivu ya juu kabisa ya bega, pale mtulinga (mfupa wa mbele kati ya shingo na bega) unapokutana na bega, yanawapata sana watu wa benchi wanaoshika mbali kwa miaka, punguza upana na punguza siku za benchi kwa wiki, ukikaza yanakuwa sugu. Vifundo vikiuma angalia kwanza chuma kinakaa wapi kwenye kiganja, kisha kama umeshika karibu mno. Viwiko vikiuma kwa ndani au nyuma baada ya kuingia ndani sana, toka kidogo na upunguze kilo.

Maumivu yakikaa zaidi ya wiki mbili hata baada ya kurekebisha, acha benchi nenda kamuone mtaalamu wa mifupa na viungo, piga pushapu kama haziumi. Na kama ukiwa unashusha chuma ukasikia kitu kimekatika kifuani au kwapani, nguvu zikaisha ghafla, baadaye pakavilia damu mpaka mkononi, huo unaweza kuwa msuli wa kifua umekatika, wahi hospitali siku hiyohiyo, usikandwe, usisubiri uvimbe upungue, kwa sababu ukihitaji kushonwa inakuwa rahisi zaidi ukienda mapema kuliko ukienda baada ya miezi.